Saa zinazopotea kwenye benchi nazo zihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mameneja na wahasibu, ilhali matokeo yake huonekana katika usingizi, shinikizo la damu na hasira za watu ambao hawajawahi kukanyaga ofisi ya meneja yeyote. Jambo lenyewe ni namna kazi inavyopangwa: nani aje saa ngapi, zamu ibadilike lini, dawa iagizwe ikiwa imebaki kiasi gani, dirisha lipi lifunguliwe na lipi lifungwe. Vyuoni fani hii huitwa usimamizi wa uendeshaji, nayo husomeshwa zaidi kama elimu ya kupunguza gharama. Mimi niliifanya kwa miaka mingi bila kulijua jina lake, nikiwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, na sasa nikiwa mstaafu nakutana nayo kutoka upande wa pili, upande wa benchi. Ninachotaka kusema ni kwamba wapangaji wetu wa kazi wana daftari lililochanwa ukurasa: wanahesabu saa za mashine, za gari na za mtaalamu, lakini saa za anayesubiri na saa za usingizi wa anayefanya kazi hawaziandiki popote, na kisichoandikwa hutumiwa ovyo.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni asubuhi moja ya mwezi uliopita, nilipomsindikiza dada yangu kliniki ya sukari na presha katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu nina hakika wasomaji wa mikoa mbalimbali wataitambua kuwa ni ya kwao. Dada ana miaka 68. Kadi yake ilimtaka afike saa moja asubuhi bila kutia kitu kinywani, kwa kuwa sukari yake ilikuwa ipimwe kabla hajala. Tulifika saa kumi na mbili na nusu tukakuta kadi zaidi ya thelathini zimewekwa kwenye kaunta ya masjala, moja juu ya nyingine, na juu yake jiwe ili upepo usizipeperushe. Ofisi ilikuwa bado imefungwa. Wenye kadi, ambao baadhi yao walitoka makwao kabla ya adhana ya alfajiri, walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na waliokosa benchi walikuwa wametandika kanga chini ya ukuta.

Saa moja ilipotimu tulikuwa tumekaribia mia na ishirini. Karani akafika, akaligeuza lile rundo la kadi ili ya chini iwe ya juu, akaanza kutafuta mafaili. Madaktari wawili walianza kuona wagonjwa saa mbili. Mnamo saa nne, mzee mmoja aliyeketi jirani nasi, amevaa kofia ya viua iliyofuliwa ikapigwa pasi vizuri, alianza kutokwa na jasho huku mikono ikimtetemeka. Alikuwa ameshamuuliza karani mara mbili zamu yake itafika lini, naye akajibiwa kwa upole, "Mzee wangu, vumilia kidogo tu." Dada, ambaye ameishi na sukari miaka kumi na tatu, aliitambua hali ile kabla ya mtu mwingine yeyote, akanituma mbio kwa kijana anayeuza chai nje ya geti nilete kikombe kilichotiwa sukari ya kutosha. Mzee akanywa, akapata nafuu. Baada ya hapo akaelezwa kwamba kipimo chake cha siku ile hakiwezekani tena maana ameshakunywa chai, arudi wiki ijayo. Yaani mgonjwa wa kisukari aliitwa hospitali, foleni ikamtia hatarini, muuza chai akamwokoa, kisha hospitali ikampangia foleni nyingine.

Dada aliingia kwa daktari saa saba na dakika kumi mchana, akakaa ndani dakika sita. Alihudumiwa vizuri na kwa heshima, na sina neno baya juu ya daktari yule wala muuguzi aliyempima, ambao tangu asubuhi sikuwaona wakinyanyuka hata kunywa maji. Kosa lilikuwa limeshatendeka kabla yao kufika kazini. Lilitendeka siku mtu alipoamua kwamba watu wote mia na ishirini waje saa moja.

Naomba uniruhusu hesabu kidogo, Mhariri, kwa sababu jambo hili husemwa kwa maneno ya huruma tu, na huruma haina namba ya kupeleka kwenye kikao. Tuchukue wagonjwa 120, madaktari wawili, na dakika sita kwa kila mgonjwa. Madaktari hao wataona watu 20 kwa saa, kwa hiyo kazi itachukua saa sita, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ikiwa wote wameitwa saa moja, wa kwanza atakaa muda wa saa nzima kabla ya kuingia, wa mwisho atakaa karibu saa saba, na wastani utakuwa saa nne kwa kila mtu. Zidisha kwa 120, unapata saa 480. Hizo ni siku 60 za kazi, kila siku ikiwa na saa nane, zimeteketea katika ukumbi mmoja, asubuhi moja.

Sasa watu wale wale waitwe kwa mafungu: ishirini waje saa mbili, ishirini saa tatu, na kuendelea hivyo hadi fungu la mwisho saa saba. Madaktari ni wale wale, wanaona watu wale wale, wanamaliza saa nane ile ile. Lakini hakuna anayesubiri zaidi ya muda wa saa moja, wastani hauzidi nusu saa, na jumla ya kusubiri inashuka kutoka saa 480 hadi 60. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna jengo lililoongezwa, hakuna kompyuta iliyonunuliwa. Saa 420 zimerudishwa kwa wenyewe, na yule mzee angeitwa na fungu la mwanzo pamoja na wenzake waliokuja na njaa, akapimwa saa mbili na nusu, akanywa chai yake kwa raha.

Kwa nini basi haifanyiki? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu ninaloliona ni kwamba zile saa 480 hazina mwenyewe. Saa ya daktari ina mshahara, saa ya mashine ya kupima damu ina bei, jengo lina gharama ya umeme na maji, na vyote hivyo vina mstari wake katika bajeti. Saa ya mama lishe aliyefunga biashara yake, ya fundi aliyemleta baba yake, ya kibarua ambaye asipofika kazini halipwi, haina mstari. Ndiyo maana mpangaji anaona ni busara kuwarundika watu ukumbini ili daktari asikose mgonjwa hata kwa dakika moja. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika kikao cha kupanga kliniki anayesubiri hayupo. Ukitazama vizuri, wenye kubeba mzigo huu zaidi ni wale ambao siku ya kukosa kazi ni siku ya kukosa chakula, kwa sababu mwenye uwezo hulipia kwingine akaonwa mapema.

Si jambo geni. Mwaka 1952 nchini Uingereza, Norman Bailey na J. D. Welch waliandika katika jarida la kitabibu The Lancet kuhusu ratiba za kliniki za wagonjwa wa nje, wakionyesha kwa hesabu jinsi ya kuwapa watu saa tofauti bila kumwacha daktari akae bure kwa muda mrefu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: mwanzoni waitwe wagonjwa wawili, ili mmoja akichelewa daktari asikose kazi, kisha aitwe mmoja mmoja kila baada ya muda unaolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu kanuni hiyo ichapishwe.

Najua nitakachojibiwa, kwa kuwa nilipolileta jambo hili mbele ya afisa mmoja nilijibiwa papo hapo: watu wetu hawashiki saa. Mhariri, mtu anayefika saa kumi na mbili na nusu kwa miadi ya saa moja, halafu akakuta ofisi imefungwa, ndiye anayeambiwa hashiki saa? Watu huja alfajiri kwa sababu utaratibu wenyewe unamzawadia aliyewahi na kumwadhibu aliyechelewa kuweka kadi chini ya jiwe. Ubadilishe utaratibu, nao watabadilika, si kwa siku moja, bali kwa miezi michache. Jibu la pili lina uzito zaidi: wapo wanaotoka vijijini, na basi lao hufika mjini saa nne. Hao wapangiwe saa tano. Karani anajua kila mgonjwa anakotoka, maana imeandikwa kwenye jalada la faili lake.

Hofu ya kuwa daktari au mashine itakaa bila kazi inastahili kusemwa peke yake, kwa sababu ndiyo mzizi wa mambo mengi mabaya katika upangaji wa kazi, hospitalini na viwandani. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark aitwaye Agner Krarup Erlang, ambaye alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za foleni za simu, na kutokana na hesabu hizo tunajua jambo ambalo macho hayalioni: kusubiri hakukui sawasawa na kazi. Pale watu wanapokuja bila mpangilio na huduma ya kila mmoja ikawa na urefu wake, dirisha ambalo lina kazi asilimia 80 ya muda wake humfanya mtu asubiri, kwa wastani, mara nne ya muda wa kuhudumiwa. Likifika asilimia 90, ni mara tisa. Likifika asilimia 95, ni mara kumi na tisa. Kwa huduma ya dakika sita, hiyo ni kutoka dakika 24 hadi 54, kisha hadi 114. Meneja aliyelibana dirisha kutoka 80 hadi 95 amejipongeza kwa kuongeza sehemu ndogo tu ya kazi, na kila mtu kwenye mstari amelipia karibu saa moja na nusu zaidi.

Kiwandani tulikuwa na fundi mitambo ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na mashine na kisanduku cha spana, akingoja hitilafu. Bwana mkubwa mmoja aliyetoka makao makuu alimkuta ameketi, akaagiza apelekwe kusaidia kufunga marobota. Kuanzia siku hiyo mashine ikisimama tulianza kumtafuta fundi kwanza, na wasichana sita wa mashine ile wakawa wanakaa bila kazi huku mishahara yao ikikatwa kwa kutofikisha kiwango. Yule bwana alikuwa ameona kitako kimoja kwenye kiti, hakuona vitako sita.

Hapo nimefika kwenye sehemu ya barua hii inayonihusu mwenyewe, na naiandika bila kujisifu. Kiwandani kwetu zamu zilikuwa tatu: ya asubuhi kutoka saa moja hadi saa tisa alasiri, ya jioni kutoka saa tisa hadi saa tano usiku, na ya usiku kutoka saa tano hadi saa moja asubuhi. Mashine hazikuzimwa hata Jumapili, na siku ya mapumziko ya kila mtu ilianguka katikati ya wiki. Mimi ndiye niliyekuwa nikichora ratiba kwenye karatasi ya grafu, kwa penseli na rula, na kuibandika mlangoni. Niliipenda ratiba ile kwa sababu ilikaa sawa: kila mashine ina mtu, hakuna kisanduku kitupu. Mzunguko wake ulikuwa wa kurudi nyuma, maana aliyekuwa zamu ya usiku wiki hii alihamia ya jioni wiki ijayo, na wa jioni akahamia ya asubuhi. Kwenye karatasi haikuonyesha ubaya wowote. Lakini aliyetoka langoni saa tano usiku, siku ya mwisho ya zamu ya jioni, alitakiwa awe langoni tena saa moja asubuhi iliyofuata, yaani baada ya saa nane tu. Toa humo muda wa kwenda nyumbani kwa miguu kwa sababu daladala zimekwisha, kuoga, kula, kisha kuamka na kurudi, utaona zilibaki saa nne za kulala, na kwa mwenye mtoto mchanga hazikufika nne.

Katika mashine za kusokota kazi kubwa ni kupita mstari baada ya mstari ukiunga nyuzi zilizokatika, na ni kazi ya vidole na macho. Siku za mabadiliko ya zamu nyuzi ziliachwa zimekatika kwa wingi, na tulikuwa na desturi ya kuwafokea watu kwa hilo. Asubuhi moja ya siku kama hiyo kijana mmoja aliumizwa vidole viwili na ukanda wa mashine. Nikafungua daftari la matukio, na pale palipoandikwa "sababu ya ajali" nikaandika kwa mkono wangu neno moja: uzembe. Ratiba niliyoichora ilikuwa imebandikwa hatua tatu kutoka pale aliposimama.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa tawi la chama cha wafanyakazi, ambaye hakuwa amesoma mbali kuliko darasa la saba. Alichukua penseli yangu, akachora mishale kuelekea upande mwingine: wa asubuhi aende jioni, wa jioni aende usiku, wa usiku aende asubuhi. Hesabu yenyewe ni rahisi hata kwa mtoto. Mzunguko wa kurudi nyuma humpa mtu saa nane kati ya zamu na zamu kila anapohamishwa. Wa kwenda mbele humpa saa 24. Watu ni wale wale, mashine ni zile zile, wala jumla ya saa za kazi kwa mwezi haikubadilika. Isitoshe, mwili wa binadamu huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kujilazimisha kulala mapema, na kila mtu aliyewahi kukesha msibani au harusini analijua hilo. Tulibadilisha, na ugomvi wa asubuhi ukapungua kiasi kwamba wapya walidhani mimi ni mtu mpole.

Leo mpango wangu wa zamani ungekuwa kosa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya dakika 60 aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Sheria hiyo ipo. Ninachoomba ni kwamba kila anayechora ratiba ya walinzi, wauguzi, madereva wa mabasi ya mikoani na wafanyakazi wa hoteli aiweke mezani kando ya rula yake, kwa sababu hakuna mkaguzi atakayeziona saa zilizoibwa kwenye usingizi wa mtu kama mchoraji mwenyewe hakuziona.

Kwamba haya ni mambo ya uhai na kifo hatuhitaji kubahatisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo duniani katika mwaka 2016. Na huko London, Michael Marmot na wenzake, waliowafuatilia watumishi wa serikali kwa miaka mingi, waligundua kwamba wale wasio na usemi juu ya kazi yao, wasioamua wafanye nini na lini, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye usemi. Hao walikuwa makarani wa ofisini wenye viti na mishahara ya uhakika, hawakuwa wachimba migodi. Kukosa usemi juu ya saa zako ni mzigo wenyewe, na ndio mzigo ule ule unaombebesha mgonjwa benchini. Mwaka 1985 David Maister, mwalimu wa mambo ya biashara nchini Marekani, aliandika kuwa kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye kikomo kinachojulikana, na kwamba kusubiri kusiko kwa haki huonekana kurefu zaidi. Wasomaji wako hawahitaji mwalimu kutoka Marekani kuwaeleza hisia ya kumwona mtu mwenye suti akipitishwa mlango wa nyuma.

Nisieleweke kwamba nchi yetu haina watu wanaojua kupanga. Mwaka 2009 na 2010 kulifanyika jaribio liitwalo SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, likihusisha vituo 129 vya afya. Kila wiki mhusika wa kituo aliulizwa kwa ujumbe wa simu ya mkononi dawa za malaria zilizobaki ni kiasi gani, naye akajibu kwa ujumbe, na jibu lake likaonekana kwa wanaohusika wilayani. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa dawa moja au zaidi ya malaria. Kufikia wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa wala daktari aliyeongezwa. Kilichobadilika ni kwamba kukosa dawa, ambako zamani kulijulikana na mama aliyemrudisha mtoto nyumbani na homa yake, sasa kuliandikwa mahali ambapo mtu alilazimika kukuona.

Vivyo hivyo mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao hali zao zimetulia wasiitwe kliniki kila mwezi, wapewe dawa za miezi mitatu hadi sita, na utaratibu wa kutoa dawa za miezi kadhaa umetumika hapa kwetu pia. Foleni fupi kuliko zote ni ile ambayo mtu hakuitwa. Dada yangu, ambaye presha yake imetulia kwa muda mrefu, bado anarudi kila mwezi kuchukua vidonge vile vile, na sijapata wa kunieleza kwa nini.

Kuna tiba moja ambayo naiogopa, nayo ni kuamini kwamba mambo haya yatamalizwa na kompyuta. Foleni mbaya ikiingizwa kwenye kompyuta inakuwa foleni mbaya yenye sababu mpya, na kila mtu nchini ameshasimama mbele ya dirisha akaambiwa mfumo uko chini. Penseli kwanza. Ukumbini pale tulipokaa kulikuwa na bango la zile hatua tano za kupanga na kutunza mahali pa kazi, zilizotoka viwanda vya Japani zikapitia hospitali za Sri Lanka, na ambazo Wizara ya Afya ilianza kuzitumia katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni mafundisho mazuri, na nilipochungulia masjala niliona mafaili yamepangwa kwa rangi na kila rafu ina lebo. Bango lilikuwa limening'inia juu ya vichwa vya watu mia na ishirini ambao hakuna aliyewasasambua wala kuwaseti.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya na mikoa ni dogo. Kila kliniki iandike, siku moja tu kwa mwezi, saa aliyofika kila mgonjwa na saa aliyotoka, ijumlishe, na jumla hiyo ibandikwe ukutani na isomwe kwenye kikao pamoja na hesabu za dawa na fedha. Nina imani hakuna mganga mkuu atakayeisoma namba kama 480 mbele ya wenzake miezi mitatu mfululizo bila kutafuta njia. Na waajiri wafanye hivyo hivyo kwa ratiba za zamu: chini ya kila ratiba iandikwe idadi ndogo kabisa ya saa ambazo mtu yeyote atapata kati ya kutoka na kuingia, na jina la aliyeichora.

Tulipokuwa tunaondoka siku ile, karani aliigonga mhuri kadi ya dada kwa ajili ya mwezi ujao. Nilidhani ataandika saa kwa mkono, lakini hakuandika, kwa sababu mhuri wenyewe umechongwa na saa ndani yake: SAA 1:00 ASUBUHI. Tarehe tu ndiyo inayobadilishwa. Juzi nilipita kwa fundi mihuri wa mtaani kwetu nikamuuliza kama anaweza kuchonga mwingine ambao nafasi ya saa imeachwa wazi, karani aijaze kwa kalamu. Amesema ni kazi ya siku moja.

Wako,
Msimamizi wa zamu mstaafu,
Dar es Salaam